Umri wa Mabehewa Sita

Wasikilizaji wangu wa Likasi na kandokando, barua hii ilinifikia mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Ilikuwa na tarehe ya mwisho ndani yake, kwa hiyo sikungoja zamu yake hewani. Nilimjibu mwandishi kwa mkono siku ileile. Leo ninaisoma kwa ruhusa yake, pamoja na majibu yangu mawili na maneno aliyonirudishia kati yake. Majina ameyabadilisha mwenyewe.

*

Mama Danielle, nakusalimu katika jina la Bwana, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata kama nitazunguka, kwa sababu jambo hili sijalisema kwa sauti mbele ya mtu yeyote, na kusema kweli sina watu wengi wa kuwaambia.

Niite Kabedi. Nina miaka hamsini na moja, ninakaa mtaa wa Panda hapa Likasi katika vyumba viwili vya kupanga, na kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya reli. Mume wangu Eugène alifariki miaka tisa iliyopita, hatukujaliwa mtoto, na wiki moja baada ya matanga ndugu zake walikuja na lori, wakapakia kabati, kitanda, friji na hata mapazia, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti, na mwishoni wakaniomba nisimame ili wachukue na kile kiti. Tangu siku ile nilijizoeza kutomngoja mtu. Ninaenda kazini ninarudi, ninaenda kanisani ninarudi. Kanisani tunakumbatiana sana mwisho wa ibada, kisha kila mmoja anaondoka na watu wake, na mimi ninafunga Biblia polepole, ninapanga leso yangu ndani ya mkoba, ili nisiwe wa kwanza kutoka wala wa mwisho kubaki.

Miaka miwili iliyopita niliitwa kwenye mradi wa treni ya abiria, ile ambayo ingetoka Mulungwishi alfajiri, ipite Kambove, ifike Likasi kabla kazi hazijaanza, na kuwarudisha watu jioni. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha aina tatu za treni, tena si kwa bei ya kununua peke yake, bali kwa gharama ya maisha yake yote, tangu siku inashushwa kwenye reli mpaka siku inakatwa vipande na kuuzwa kama chuma chakavu, kwa miaka thelathini. Ya kwanza ilikuwa mabehewa sita yaliyokwisha kutumika nchi za nje, yavutwe na injini ya mazuti, yaani dizeli. Ya pili, treni mpya za mazuti zenye injini ndani ya behewa lenyewe. Ya tatu, treni mpya za umeme, kwa kuwa waya ziko juu ya reli ile tangu zamani, ingawa mahali pengine zimekatika na pengine zimeibwa.

Tuliwekwa wawili, mimi wa ufundi na mwenzangu Parfait wa mahesabu. Parfait ana miaka hamsini na minne, naye alifiwa na mke, watoto wake wameolewa mbali, na ni mtu mpole ambaye akikuuliza habari za nyumbani anangoja jibu. Ofisini umeme ulikuwa unakatika mchana, basi Jumapili moja baada ya ibada alikuja kwangu na makaratasi tumalizie kazi, akakuta nimepika bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akala. Jumapili iliyofuata alikuja na makaratasi machache zaidi. Ya tatu alikuja bila makaratasi, akakuta kitasa cha mlango wangu kimelegea, akakikaza. Mama, miaka saba nilikuwa nikipika sufuria moja nikila siku tatu. Nilianza kununua samaki Jumamosi, na nilianza kupika kwa kipimo cha watu wawili, na nilipoona mkono wangu unapima hivyo bila kuniuliza nilikaa chini jikoni.

Kazi tuliifanya vizuri, naapa. Tulikwenda Kambove kuhesabu watu wanaosafiri asubuhi. Pale kituoni tulikutana na mama mmoja anayeuza nyanya, Sephora, ambaye binti yake Reine ana miaka kumi na minne na anasoma Likasi, na kila Jumatatu mtoto anapanda juu ya magunia kwenye lori, na kila Ijumaa anarudi hivyohivyo. Sephora aliniuliza treni itakuja lini, nikamwambia tunaipigia hesabu. Aliniangalia kama mtu anayesikia kwamba chakula kinapigiwa hesabu.

Halafu tulikwenda kuyaona yale mabehewa sita, kwa sababu yalikwisha kuletwa kwa majaribio na yameegeshwa pembeni ya reli. Siku mbili nzima nililala chali chini yake na kipimo cha chuma, nikipima ukingo wa kila gurudumu, nikitaja namba kwa sauti, na Parfait alichuchumaa karibu yangu akimulika tochi kwa mkono mmoja na kuandika kwenye daftari kwa mkono mwingine. Mabehewa manne kati ya sita, kingo zake zilikuwa zimelika kupita kiasi kinachoruhusiwa. Kwenye ekseli moja, kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili, niliona mstari mwembamba, nikaupitisha kucha, na kucha ikakwama. Nikamwambia huu nashuku ni ufa. Akaandika neno ufa, kwa mwandiko wake, na alama ya kuuliza.

Nikarudi na lile daftari nikafanya hesabu. Kwa bei ya kununua, mabehewa yaliyotumika ni rahisi mno, hakuna anayebisha. Lakini treni haimalizi kula siku unayoinunua. Kila asubuhi inakula mazuti, kila mwezi inakula breki na mafuta ya mashine na mishahara ya karakana, na kila baada ya miaka kadhaa lazima ifunguliwe yote, ekseli zitolewe, zipimwe, nyingine zibadilishwe. Niliandika kwamba mabehewa yale yamebakiza miaka minane ya kufanya kazi, yaani ndani ya miaka thelathini utayanunua mara nne. Nilipojumlisha kila kitu, nikaipa treni ya umeme mia moja iwe ndiyo kipimo, treni mpya za mazuti zilifika mia na ishirini na nane, na yale ya bei rahisi mia na sitini na tatu. Hata nilipoongeza injini ndogo ya mazuti ya kuivuta ile ya umeme siku umeme ukikatika, na sote tunajua unakatika, ilifika mia na tisa tu. Naona aibu kukuambia, lakini hesabu ile niliipenda. Niliifanya upya mara tatu nikijua haina kosa, kwa raha tu ya kuiona inarudi palepale.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Jumapili, Parfait alikuja na ripoti iliyochapwa tayari kwa sahihi. Niliisoma tukiwa mezani. Umri wa mabehewa, niliokuwa nimeandika miaka minane, ulikuwa umekuwa ishirini na mitano. Mstari wa gharama ya kufungua na kutengeneza upya haukuwapo. Basi, ni hapo tu. Lakini mia na sitini na tatu ilikuwa imeshuka mpaka tisini na moja, na mabehewa mabovu ndiyo yaliyoonekana rahisi kuliko zote.

Hakukataa wala hakujificha. Aliniambia wakubwa wanataka treni itembee mwaka huu, kwamba umeme utahitaji fedha ambazo hazijulikani zitatoka wapi, na kwamba yeye ameahidiwa ukuu wa usafirishaji mabehewa yale yakichaguliwa.

“Ni namba moja tu minabadilisha, Kabedi,” alisema. “Weye unataka bale bantu ba Kambove bangoje umeme miaka kumi? Ule mutoto wa Sephora akianguka kesho ku lori, utamwambia mama yake nini?”

Nikamwuliza, kwa kuwa ni yeye aliyeviandika vipimo, “Na magurudumu? Weye njo uliandika ile bipimo.”

Alisukuma sahani yake pembeni. Kisha akasema watatengeneza polepole treni ikiwa tayari inatembea. Halafu akaweka kalamu karibu na sahani yangu, akasema, bila kunitazama, kwamba mambo hayo yakiisha atakwenda Mulungwishi kwa kaka zangu kujitambulisha.

Mama Danielle, nilichukua kalamu. Nisidanganye kwamba nilimfikiria mtoto wa Sephora. Niliwaona kaka zangu wanapanga viti uani, wanafagia, wanasema mgeni wa Kabedi anafika. Niliweka sahihi, nikaandika na tarehe.

Sasa ndiyo sehemu inayonila. Parfait hakuacha kuja. Kama angeacha ningejua mara moja nimetumiwa, ningelia, ningenyamaza. Lakini anakuja, tena anawahi, tena ananipigia simu jioni kuuliza kama nimefika, na hakuna mtu mwingine duniani anayeniuliza kama nimefika. Wiki tatu zilizopita nilijikaza nikamwuliza, “Kama sikuweka sahihi, ungekuya?”

Alikuwa anafinyanga tonge. Aliendelea kulifinyanga, akalichovya, akalila, akasema sombe leo imetoka vizuri.

Na juzi sokoni Likasi nilikutana na Sephora na binti yake. Habari zimekwisha kuenea kwamba treni inakuja. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia, “Aksanti, Mama. Huyu mutoto atakuwa wa kwanza kupanda.” Reine alinipa mkono, akapiga goti kidogo kama watoto waliolelewa vizuri. Nilirudi nyumbani bila kununua nilichoendea.

Kamati inakaa tarehe ishirini na nane ya mwezi huu kuchagua. Nikisema, Parfait ataanguka, nami nitaanguka naye kwa sababu sahihi ni yangu, na mlango wangu utarudi kuwa mlango ambao haugongwi. Nikinyamaza, treni itakuja, watu watashangilia, na mimi nitakuwa nyumbani kila asubuhi nikisikiliza kama imepita salama. Pengine ufa si ufa. Pengine zile kingo zitavumilia. Unishauri, Mama. Na kama unaweza, uniambie pia: yule mtu ananipenda au hanipendi?

Ni mimi, K., wa Panda.

*

Mdogo wangu Kabedi,

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu najua ndilo uliloandika la kwanza moyoni. Anakupenda? Huenda anakupenda. Mtu anaweza kukupenda na kukutumia kwa mkono uleule, na hilo ndilo linalokuchanganya, unangoja liwe moja kati ya mawili ndipo uamue. Usingoje. Hata akiwa anakupenda kuliko roho yake, ukingo wa gurudumu hauongezeki unene.

Sasa nikukaripie, maana umeniomba. Umeniandikia kurasa nyingi juu ya upweke wako, na nimekuamini kila mstari. Mimi mwenyewe nimekaa miaka kumi na mbili katika nyumba ambayo redio ndiyo iliyokuwa ikinijibu. Lakini katikati ya kurasa hizo umeficha sentensi mbili: pengine ufa si ufa, pengine zitavumilia. Mwanamke aliyepitisha kucha pale na ikakwama haandiki pengine. Hujui litatokea lini, lakini unajua nini kitatokea. Wanakamati hawajui. Sephora hajui. Katika mkoa huu mzima wanaojua ni wawili, na mmoja ameahidiwa cheo. Kwa hiyo umebaki mmoja. Upweke wa namna hiyo hauponywi na mgeni wa Jumapili, hata awe mwema namna gani.

Na usimwache akufunge mdomo kwa mtoto wa watu. Alikuuliza utamwambia nini Sephora mtoto akianguka kwenye lori. Ni swali zuri, na ni kweli kila wiki ya kuchelewa ni wiki nyingine juu ya magunia. Lakini jibu lake si kumtoa mtoto juu ya magunia na kumweka juu ya ekseli yenye ufa pamoja na wenzake mia nne, tena ukiwa umemwambia mama yake kwamba hapo ni salama. Kwenye lori anajua anapanda nini. Hiyo ndiyo tofauti, nayo ni kubwa.

Kosa lako nawe lisemwe. Aliyebadilisha namba ni yeye, lakini namba ya mhasibu bila sahihi ya fundi isingefika popote. Ulijua. Uliweka na tarehe. Usiende mbele ya kamati ukilia kwamba ulidanganywa na mwanamume, kwa sababu hukudanganywa. Nenda useme: nilitia sahihi jambo ambalo si kweli, ninaondoa sahihi yangu, na kweli ni hii.

Fanya hivi, tena wiki hii.

Mwambie Parfait kwanza. Si kwa simu, si mezani kwako. Mchana, ofisini au njiani, mkiwa mmesimama. Mwambie utaandika, na umpe siku nne aje muandike pamoja, kwa kuwa daftari ni mwandiko wake na ana haki ya kusimama upande wa alichokiandika. Usimtishe na usimbembeleze. Akikuuliza kama mambo yenu yamekwisha, mwambie hilo ni lake kulijibu. Usilijibu kwa niaba yake, najua utatamani.

Siku nne zikipita, andika peke yako. Kurasa mbili zinatosha. Weka umri wa mabehewa kama ulivyoupima, weka ule mstari uliofutwa, na onyesha jumla zote tatu zinavyobadilika. Usiipambe treni ya umeme. Andika waya zilizoibwa, andika umeme unaokatika, andika kwamba fedha za mwanzo ni nyingi. Wakikukuta umeficha upande mmoja hawatakuamini upande wa pili. Omba jambo moja tu: mafundi wengine, wasiokujua, wapime upya kabla ya kuchagua. Ambatisha kurasa za daftari. Toa nakala mbili, upeleke mwenyewe, na usitoke pale mpaka wameigonga muhuri nakala yako kuonyesha kwamba wameipokea. Barua isiyo na muhuri hupotea, unazijua ofisi zetu.

Kuhusu kaka zako. Umesema ulitamani wapange viti uani kwa ajili ya mgeni. Lini umekwenda Mulungwishi bila mgeni? Katika barua nzima hukutaja hata jina la mmoja wao. Watu hao wapo, wana watoto, wana masufuria. Jumamosi panda gari uende. Usiende na habari yoyote. Nenda ukae.

Mama Danielle

*

Mama Danielle, nakurudia kama ulivyoomba.

Nilimwambia Parfait Alhamisi saa sita, nje ya ofisi. Alinisikiliza, akaniuliza, “Unataka minye nipoteze kila kintu?” Nikamwambia hapana, nataka aje tuandike. Jumapili ile hakuja. Jumatatu hakuja. Jumanne niliandika peke yangu, nikapeleka, nikasimama saa tatu nzima kungoja muhuri kwa sababu mwenye muhuri alikuwa amekwenda kula, nikaupata.

Siku ya kamati niliitwa ndani. Walinikasirikia, na walikuwa na haki. Mmoja aliniuliza atajuaje kwamba sahihi ya pili ndiyo ya kweli na ya kwanza ya uongo, nikamwambia asinisadiki mimi, atume watu wakapime. Parfait alikuwa amekaa mwisho wa meza. Walipomwuliza umri wa mabehewa aliutoa wapi, alisema alifanya makadirio. Hakunitaja, wala hakulitaja daftari ingawa lilikuwa limefunguliwa mbele yake, mwandiko wake unaonekana.

Walituma mafundi wawili kutoka mji mwingine. Mabehewa mabovu si manne, ni matano. Na ule mstari kwenye ekseli ni ufa, wamethibitisha kwa mashine yao. Mabehewa yote yamefungwa minyororo, hayaruhusiwi kutembea. Mimi nimepewa onyo la maandishi na nimekatwa mshahara wa mwezi mmoja, sikulalamika.

Lakini Mama, treni haipo. Uchaguzi umerudishwa nyuma, wanatafuta fedha za waya, hakuna anayejua ni mwaka gani. Nilikwenda Kambove kumwambia Sephora mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Nilimweleza kila kitu, na sahihi yangu pia. Alikuwa anapanga nyanya tano tano. Hakunitukana. Aliendelea kupanga mpaka meza ikajaa, kisha akasema, “Basi tutangoja,” akamgeukia mteja. Ningefurahi kama angenitukana.

Parfait ameomba kazi mji wa Kolwezi, amepata. Jumamosi kabla ya kuondoka alifika kwangu kwa pikipiki ya kukodi, akabaki nje ya lango na begi begani. Dereva hakuzima injini. Parfait aliniambia, “Ulifanya muzuri. Minye sikuweza.” Nilisikia maneno ya kumkaribisha yakifika mdomoni, Mama, na niliyazuia, na sijui hata sasa kama nilipatia. Alingoja kidogo. Kisha akapanda.

Nimekwenda Mulungwishi mara mbili. Kaka yangu mkubwa, Étienne, aliniuliza mara tatu nimekuja kwa jambo gani, nilipomwambia hakuna jambo alimwambia mtoto anivutie kiti. Sijazoea bado. Kelele za watoto zinanichosha, na nikirudi nyumbani ukimya unanichosha zaidi.

Wiki iliyopita kamati iliniita. Wanataka hesabu ifanywe upya yote, miaka thelathini, aina zote tatu, na wanataka niifanye mimi. Nafikiri kukataa. Nimechoka, na sina mtu wa kufanya naye.

*

Mdogo wangu, sina dawa ya lango lile, na sitajifanya ninayo. Najua ulilia, utalia tena, na Jumapili zitakuwa ndefu kwa muda. Usimfuate Kolwezi, na simu zake akipiga usizipokee mpaka uweze kuzungumza bila kutetemeka.

Lakini kazi usiikatae. Unasema huna mtu wa kufanya naye. Basi hilo ndilo liwe sharti lako la kwanza kwao. Waambie wakupe fundi kijana wa karakana, mwanamke akipatikana, umfundishe kupima, na kila kipimo kiwe na sahihi mbili, ya aliyepima na ya aliyekuwa pale akiona. Kila miezi mitatu wale watakaotoa fedha za treni wasomewe namba hizo mbele ya watu wa Kambove, pale kituoni, ili wanaongoja wajue wanangoja nini. Wakikubali masharti hayo, anza. Wakikataa, hapo utakuwa na sababu ya kukataa iliyo bora kuliko uchovu.

Uwaone Jumatatu saa mbili, kabla hawajamtafuta mtu mwingine.

Mama Danielle